Roboti Tumboni: Majibu kwa Barua Zenu

Toleo lililopita tuliandika mistari michache tu kuhusu upasuaji wa roboti kwa saratani za uzazi, barua zikamiminika kutoka Unguja na Pemba. Hapa tumejibu saba. Majina tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha bila ya kugusa maana.

Mama aende India kwa roboti, au apasuliwe hapa hapa?

*Asalaam alaykum. Mama yetu ana miaka 61. Damu ya mwezi ilishakatika zamani, kisha mwaka huu ikaanza kumtoka tena. Alichukuliwa kinyama na majibu yamesema ni saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi. Ni mnene, kilo 104, ana presha na sukari. Kaka yetu aliyeko Muscat anataka apelekwe India akapasuliwe na roboti. Wajomba wanasema afunguliwe tumbo hapa hapa, roboti ni anasa. Nani mkweli? — Wete, Pemba*

Wa alaykum salaam. Katika barua zote tulizopokea, yenu ndiyo ambayo roboti ina la kusema. Saratani hii ikiwa bado imo ndani ya kizazi, tiba ya kwanza ni kutoa kizazi chote, mirija na ovari zote mbili, na kuangalia tezi za limfu za nyonga. Kazi hiyo ina njia tatu: kufungua tumbo, kupitia matundu madogo kwa vyuma vya mkono (laparoskopi), au kupitia matundu hayo hayo kwa roboti.

Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa wanawake 2,616 ulilinganisha kufungua tumbo na laparoskopi. Baada ya miaka 5 idadi ya waliokuwa hai ilikuwa sawa, takriban 90 katika kila 100 pande zote mbili. Kilichopishana ni namna ya kupona: matatizo ya wastani na makubwa baada ya upasuaji yaliwapata 21 katika 100 waliofunguliwa, na 14 katika 100 waliopasuliwa kwa matundu. Lakini karibu robo ya wale wa matundu ilibidi wafunguliwe tumbo katikati ya kazi, na kadiri mgonjwa alivyokuwa mnene ndivyo hilo lilivyozidi. Kwa wanene sana, zaidi ya nusu walifunguliwa. Vyuma virefu vilivyonyooka vikipita kwenye tumbo zito huwa kama kumenya chungwa kwa vijiti: mpasuaji anapigana na uzito wa ngozi badala ya kufanya kazi ndani.

Hapo ndipo roboti imepata nafasi yake. Mashine ndiyo inayobeba uzito wa ukuta wa tumbo, ncha za vyuma vyake zinapinda kama kifundo cha mkono, na kamera inaonesha kwa kina, si picha bapa. Kwa wagonjwa wanene, wanaolazimika kufunguliwa tumbo katikati ya kazi hupungua. Na kwa mwenye kilo 104 na sukari, kuepuka mshono mrefu si jambo la urembo. Mafuta ya chini ya ngozi yana damu chache, sukari ikipanda vijidudu hushamiri, na kidonda kikifumuka kinaweza kuchukua wiki nyingi za kusafishwa na kufungwa bendeji kila siku.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa hutiwa usingizi kamili, ile nusu kaputi, na mpira wa mkojo. Miguu huwekwa kwenye vishikio. Tumbo hujazwa hewa ya kabondayoksaidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki ili ukuta uinuke na matumbo yaachane na nyonga. Hutobolewa matundu manne au matano kwenye mstari unaopita usawa wa kitovu au juu yake kidogo, kila moja la milimita 8 hivi, yenye nafasi ya sentimita 6 hadi 8 baina yao. Yakikaribiana zaidi, mikono ya mashine hugongana. Kisha kitanda huinamishwa kichwa chini nyuzi 25 hadi 30, na mikono ya roboti huunganishwa. Rangi ya kijani iitwayo indosiyanini hudungwa kwenye mlango wa kizazi, kushoto na kulia. Ikimulikwa kwa taa maalumu, tezi ya kwanza inayopokea maji kutoka kwenye uvimbe hung'ara kwenye skrini, ikatolewa hiyo peke yake badala ya kukomba tezi zote, na kwa njia hiyo hatari ya miguu kuvimba maisha hupungua. Kizazi hukatwa taratibu na kutolewa mzima kupitia ukeni. Hakikatwi vipande ndani ya tumbo, maana hiyo ni kupanda mbegu ya saratani. Mwisho juu ya uke hushonwa. Kwa jumla ni saa mbili hadi tatu, wakati mwengine zaidi.

Linalotutia wasiwasi zaidi kwa mama ni kile kichwa chini. Mafuta na matumbo humlalia kiwambo cha pafu, yaani ukuta unaotenga kifua na tumbo, mashine ya kupumulia ikasukuma hewa kwa shida, na shinikizo la macho hupanda. Daktari wa usingizi lazima ajue kama ana presha ya macho, moyo uliotanuka au pumu kali. Mwenye busara humuinamisha kwanza dakika chache kabla ya kutoboa chochote, akaangalia kifua kinavyopokea. Kikikataa, roboti imekwisha hapo, na watu wa nyumbani wasione wamedhulumiwa.

Sasa hukumu. Ikiwa fedha za kaka zipo kweli, na hospitali inayokusudiwa ina daktari bingwa wa saratani za wanawake mwenye mazoea ya mashine hiyo, safari ina maana. Lakini kufungua tumbo kwa mkono wa bingwa aliyekwisha kufanya mamia ni bora kuliko roboti kwenye mkono wa anayejifunza. Na laparoskopi ya kawaida kwa mkono stadi haiachwi mbali na roboti. Kitu kibaya kuliko vyote ni kukaa miezi sita mkichangishana huku damu inatoka. Wakati mnaamua, fanyeni haya: sukari ishushwe, wingi wa damu upimwe (wapasuaji wengi hutaka ifike gramu 10 kwa desilita), na ipigwe picha ya MRI ya nyonga kuona saratani imechimba nyama ya kizazi kwa kiasi gani. Hospitali ya nje ikiwatumia bei, ulizeni ndani yake mna nini: vyuma vya roboti, kipimo cha kinyama cha mwisho, siku za wodini, na sindano za kuzuia damu kuganda, ambazo mara nyingi huendelea hadi siku 28. Tena ulizeni: ikibidi kumfungua tumbo katikati ya kazi, bei inakuwa ngapi? Na mionzi ikihitajika baadaye, ataipata wapi?

Wajomba wasiambiwe wamekosea. Wamechanganya tu: kwa mwembamba wa kilo 55, roboti ingekaribia kuwa anasa kweli.

Umeme ukikatika roboti ikiwa tumboni?

*Mimi ni fundi umeme. Nataka kujua mashine hii inajiendesha yenyewe? Na umeme ukikatika? — Chake Chake*

Haijiendeshi, kaka. Neno "roboti" limewapotosha wengi. Mpasuaji hukaa kwenye kiti chumba hicho hicho, hatua chache kutoka kitandani, macho ameyaingiza kwenye kioo cha kamera, vidole viko kwenye vishikio na miguu kwenye pedeli. Akisogeza mkono sentimita tatu, ncha ya ndani inaweza kusogea sentimita moja tu, na mtetemeko wa mkono huchujwa. Akiondoa kichwa kwenye kioo, mikono ya mashine husimama ilipo. Mwaka 2001 mpasuaji aliyekaa New York alimtoa nyongo mgonjwa aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, lakini hiyo ilikuwa ni kuonesha kwamba inawezekana. Hospitalini daktari yupo humo humo, na msaidizi amesimama ubavuni mwa mgonjwa.

Ama umeme, tunaokumbuka kiza cha Unguja cha Disemba 2009 hadi Machi 2010 swali hilo hatulicheki. Hospitali yenye roboti huwa na jenereta inayowaka yenyewe pamoja na betri za akiba, na sehemu inayobeba mikono ina betri yake ya muda mfupi, ya kutosha kuiondoa mashine kwa usalama. Chuma kikiwa kimeuma nyama na mashine imekufa, kuna ufunguo maalumu wa kufungulia mdomo wake kwa mkono, kisha chuma huvutwa na kazi ikaendelea kwa laparoskopi au kwa kufungua tumbo. Kwa hiyo trei ya vyuma vya kufungulia tumbo lazima iwe tayari imechemshwa na kuhesabiwa kabla ya mgonjwa kuingizwa, isiwe kabatini.

Kwa ufundi wako utapenda hili: vyuma vya da Vinci, roboti ya Marekani iliyoenea zaidi, vina kihesabuji ndani. Kila kimoja kimepangiwa idadi ya matumizi, kwa vingi vilikuwa ni mara 10, sasa baadhi ni zaidi. Ikitimia, mashine inakikataa hata kama bado kinakata kama wembe. Waya nyembamba za kuvutia ncha ndizo zinazochoka, na ndiyo sababu mojawapo ya gharama. Mashine yenyewe bei yake hupita dola milioni 1, na kila mwaka matengenezo yanakula pesa nyengine. Siku hizi kuna nyengine pia, kama Versius ya Uingereza, Hugo, na SSI Mantra ya India, na ushindani huenda ukateremsha bei.

Nina saratani ya mlango wa kizazi, sentimita 3. Nataka roboti nisiwe na kovu.

*Nina miaka 38, watoto watatu. Nimepimwa, uvimbe uko kwenye mlango wa kizazi tu. Daktari anataka kunifungua tumbo. Nimesoma mtandaoni kuwa huo ni upasuaji wa kizamani. — Makunduchi*

Dada, daktari wako yuko sawa, na aliyekuandikia mtandaoni amepitwa na wakati.

Kwa zaidi ya miaka kumi, tangu roboti iruhusiwe Marekani kwa upasuaji wa wanawake mwaka 2005, wengi waliamini kwamba matundu madogo ni bora kila pahala. Mwaka 2018 ukachapishwa utafiti uliowashtua wapasuaji wote. Wanawake 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi waligawiwa kwa kura: 312 wafunguliwe tumbo, 319 wapasuliwe kwa matundu, wengi wao kwa laparoskopi na baadhi kwa roboti. Baada ya miaka minne na nusu, waliobaki bila ya saratani walikuwa asilimia 96.5 kwa waliofunguliwa, na asilimia 86 kwa matundu. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai ni 99 katika 100 upande wa kwanza na karibu 94 upande wa pili. Mwaka uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikatoa tahadhari kuhusu roboti kwenye saratani, na ya mlango wa kizazi ikatajwa.

Kwa nini, na ule wa ukuta wa ndani wa kizazi mbona haukuwa hivyo? Fikiri uvimbe uko wapi. Wa mama wa Wete umefungwa ndani ya kizazi kama kokwa ndani ya embe. Wako uko nje, mdomoni, unaelekea ukeni. Kwenye upasuaji wa matundu hutiwa chuma cha kugeuzia kizazi, kinachopita katikati ya uvimbe na kuusugua. Halafu uke hukatwa kutokea ndani ya tumbo lililojaa hewa, na chembe za saratani zinaweza kurushwa kwenye utando wa tumbo. Hayo ndiyo maelezo yanayotiliwa nguvu zaidi. Wapo wanaofanya tafiti nyengine za roboti wakiacha chuma hicho na kufunga uke kwanza ili uvimbe usigusane na tumbo. Majibu yakitoka na kuridhisha tutabadilisha kauli. Mpaka hapo, kwa sentimita 3, tumbo lifunguliwe.

Upasuaji wako unaitwa wa kina: unatoa kizazi, nyama za kando zinazokishikilia, sehemu ya juu ya uke, na tezi za nyonga. Ovari kwa umri wako mara nyingi huachwa, uliza. Mpira wa mkojo hukaa siku kadhaa au zaidi, kwa sababu mishipa ya fahamu ya kibofu hupita pale pale panapokatwa. Usiutoe wala usiombe utolewe kabla ya kupimwa mkojo unaobaki baada ya kukojoa.

Kabla ya kukubali tarehe, ombeni picha ya MRI au CT ya tezi. Ikionekana tezi zimeshaingiwa, usipasuliwe. Utahitaji mionzi kwa vyovyote, na aliyepata upasuaji wa kina kisha mionzi juu yake hubeba madhara ya vyote viwili: matumbo kuziba, mkojo kuvuja, mguu kuvimba. Upasuaji au mionzi, bora iwe mmoja kwa ukamilifu.

Kwa wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 na usiochimba sana, utafiti wa wanawake 700 uliochapishwa 2024 umeonesha kutoa kizazi kwa njia ya kawaida kunatosha, saratani ilirudi nyonga kwa takriban 2.5 katika 100, sawa na 2.2 ya upasuaji wa kina. Wewe umevuka hapo.

Mke wangu ana saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 3B. Nauza kiwanja nimpeleke kwenye roboti.

*— Micheweni*

Usiuze kwa ajili hiyo, ndugu yetu. Hatua ya 3B maana yake saratani imefika ukuta wa nyonga au imebana mrija wa figo. Hakuna mpasuaji, awe na mkono wake au wa chuma, anayeweza kuikata ikaisha. Akikwambia anaweza na bei ni hii, muogope.

Tiba yake ni mionzi pamoja na dawa ya saratani, na inatibu kweli, wapo wanaopona hatua hii. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inatoa mionzi ya nje na ya ndani. Utaratibu wa kawaida ni mionzi ya nje Jumatatu hadi Ijumaa, mara 25 au zaidi kidogo, yaani wiki tano hivi. Kila wiki hupewa dawa ya saratani iitwayo sisplatini, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili, ikitanguliwa na dripu nyingi za maji. Kisha mionzi ya ndani, ambayo chombo huingizwa ukeni mpaka kwenye uvimbe, mara tatu au nne. Yote imalizike ndani ya wiki 8.

Hizo wiki 8 ndizo zinazoharibika zaidi kwa watu wetu wa visiwani. Mgonjwa anaanza vizuri, wiki ya tatu pesa ya chumba Dar inakwisha, au kuna msiba, au Sikukuu imekaribia, anapanda boti kurudi nyumbani "kidogo". Siku zinapokatika chembe zilizobaki zinazaliana, na zile wiki tatu za mwanzo hazirudishwi kwa kuanza upya. Kwa hiyo kama ni lazima kiwanja kiuzwe, pesa yake iwe ya chumba, chakula, nauli na mtu wa kukaa naye miezi miwili, na mfuko wa bima uulizwe mapema unalipa nini.

Kabla ya safari apimwe kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) na wingi wa damu, na figo zipigwe altrasaundi. Figo ikiwa imejaa maji kwa sababu mrija umebanwa, sisplatini itaimaliza. Lazima kwanza ufunguliwe mrija au itobolewe njia ya mkojo mgongoni. Na akitokwa na damu nyingi, iongezwe, kwani mionzi hufanya kazi dhaifu kwenye mwili uliopungukiwa damu.

Na saratani ya ovari?

*Shangazi yangu tumbo limejaa maji, wameona uvimbe kwenye ovari. Roboti inafaa? — Jang'ombe, Mjini*

Tumbo likishajaa maji, kwa kawaida hapana. Hapo kinachotakiwa ni mkato mrefu wa katikati, kutoka chini ya kitovu hadi juu yake, mpasuaji apapase kila pembe: chini ya kiwambo, juu ya ini, kwenye shuka la mafuta. Roboti nyingi hazina hisia ya kugusa. Lengo ni kutoa kila kinachoonekana, na pengine dawa hutangulia mara tatu kwanza. Kwa uvimbe mdogo ulio peke yake roboti hutumika kwa wachache, kwa sharti usipasuke ndani: ukipasuka, saratani iliyokuwa hatua ya 1A inageuka 1C, na dawa ambazo pengine asingehitaji atazihitaji. Msikubali maji ya uvimbe yavutwe kwa sindano ili tu "kupunguza".

Nimetolewa kizazi kwa matundu. Nirudi lini kwenye mwani?

*Nililala siku moja tu hospitali. Tumboni nina vidoti vitano, siumwi. Wenzangu wako pwani. — Jambiani*

Hivyo vidoti ndivyo vinavyodanganya. Mshono mkubwa hauko tumboni, uko juu ya uke, ndani, huuoni. Na kwa upasuaji wa matundu, wa roboti ukiwemo, mshono huo hufumuka mara nyingi zaidi kuliko kwa waliofunguliwa tumbo, pengine kwa kuwa ukingo wake umekatwa kwa moto wa umeme, na nyama iliyoungua hushika polepole.

Kwa wiki 6 usinyanyue kinachozidi kilo 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Gunia la mwani mbichi usilikaribie kabisa. Kukaa kwenye mbuzi ukakuna nazi, ukiinama na kubana tumbo, nako kungoje. Mwani una tabu mbili: uzito, na maji ya bahari kiunoni. Maji hayo yakae nje ya uke mpaka daktari akupime kwa kuangalia ndani, wiki ya 6 hadi ya 8. Tendo la ndoa nalo vivyo hivyo, si chini ya wiki 8, na baadhi ya madaktari hungoja 12. Mume aambiwe na daktari mwenyewe kama wewe unaona haya. Ufunge saumu au usifunge ni suala la afya yako wiki hizo: usiache maji ya kunywa, choo kigumu na kujikamua ni adui wa mshono huo.

Bega likikuuma siku ya kwanza hadi ya tatu, ni hewa iliyobaki inasumbua kiwambo. Tembea, itaisha. Uchafu mwepesi wa kahawia ukeni wiki mbili tatu ni nyuzi zinazoyeyuka. Lakini nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona haya: homa ya 38 na zaidi, pedi inayolowa yote kwa saa moja, tumbo kuvimba pamoja na kutapika, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kubana. Maji yakianza kukuchuruzika ukeni bila ya kuzuilika, hasa wiki ya pili, ni mkojo: mrija wake unapita karibu sana na mlango wa kizazi, chini ya mshipa wa damu unaokatwa, na moto ukiugusa hautoboki siku hiyo, unatoboka baadaye. Na kitu kikitokeza ukeni, usikirudishe kwa mkono. Lala, kifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya dripu ya chumvi, usile wala usinywe, upelekwe upesi. Hilo huwa ni utumbo.

Tumepewa chupa yenye kizazi cha mama tuipeleke maabara kwa boti. Tuifanyeje?

*— Mkoani*

Swali hili limetufurahisha, maana kazi nzuri ya upasuaji huharibikia kwenye chupa hii. Bila ya majibu yake hakuna anayejua hatua ya saratani, wala kama mionzi inahitajika.

Kwanza tazameni kimewekwa kwenye nini. Kiwe fomalini ya asilimia 10, si maji ya chumvi, wala spiriti. Wingi wake uwe mara kumi ya nyama, yaani kizazi cha gramu 150 kinahitaji kama lita moja na nusu, ndoo ndogo yenye mfuniko mpana. Kikibanwa kwenye kopo kikatoka kimekaa umbo la kopo, katikati kitakuwa kimeoza. Fomalini hupenya polepole, milimita chache tu kwa saa kadhaa, kwa hiyo kizazi kizima kisichofunguliwa kinaharibika ndani, pale pale saratani ilipo. Ulizeni kabla ya kuondoka: "Kimepasuliwa?" Kukipasua ni kazi ya mpasuaji au ya maabara, si yenu, na kwa mstari mmoja wanaoujua wao.

Msikitie kwenye barafu wala friza kama samaki. Maji ya ndani ya chembe yakiganda huzichana, na msomaji wa darubini haoni kitu. Kiwekeni kivulini, kimesimama, ndani ya mfuko wa pili wa plastiki, mbali na watoto na chakula. Harufu yake ikikuchoma macho, mfuniko haujakaza.

Karatasi iende pamoja, si kwenye simu ya mtu mwengine. Iwe na jina kamili, umri, nambari ya hospitali, viungo vilivyomo (kizazi, mirija, ovari, tezi za kulia na za kushoto kila moja na chupa yake), majibu ya kinyama cha mwanzo, na saa kilipotiwa fomalini. Mkitaka kuvizika baadaye, semeni wakati wa kukabidhi, waandike juu ya karatasi. Maabara hukata vipande inavyohitaji, na kilichobaki huombwa baada ya majibu kutoka, si kabla. Mkifika, anayepokea atie saini, na muandike jina lake.